Ile karatasi usiijaze

Nianze na aibu yangu mwenyewe, ndio usije ukaniambia hapo katikati eti najifanya malaika.

Mei 2019. Niko kidato cha pili, shule ya bweni ya wasichana, jina la shule niachie mwenyewe. Ijumaa ya tarehe 24 Mahakama Kuu hapa Nairobi ilikuwa imekataa kufuta vile vifungu vya sheria vya mapenzi ya jinsia moja. Sisi simu hatukuwa nazo, habari zilitufikia kwa gwaride. Jumatatu mwalimu mkuu akasimama mbele, akasema korti imenena na sasa ni zamu ya shule kujisafisha. Mimi nilikuwa nawaza mandazi ya saa nne, sikuskia vizuri.

Usiku, wakati wa prepu, naibu wake akaingia na rundo la fulskapu zilizokatwa vipande vinne. Kila msichana kipande kimoja. Akasema: andika majina ya wasagaji unaowajua hii shule, lako usiandike, na mtu akinirudishia karatasi tupu nitajua yeye ni mmoja wao. Halafu akatembea katikati ya madeski akiangalia mikono yetu.

Niliandika jina moja. Lilikuwa la msichana niliyekaa naye deski moja kuanzia kidato cha kwanza. Nitamwita Deski. Wiki mbili kabla alikuwa amenionyesha barua aliyoandikiwa na msichana wa kidato cha tatu, barua ya mistari sita, nusu yake ni kuhusu hoki. Alinionyesha kwa sababu alikuwa na furaha na hakuwa na mtu mwingine wa kumwambia. Kwa hiyo kati ya watu wote hiyo shule, mimi ndiye niliyekuwa na siri yake, na mimi ndiye niliyeipeleka. Kalamu ilikuwa yake, hata. Yangu ilikuwa imeisha wino.

Waliitwa wasichana kumi na mmoja. Deski alirudishwa nyumbani na sanduku lake katikati ya muhula, na barua iliyosema "mwenendo usiofaa". Hakurudi.

Sasa nimesema. Wacha tuongee.

Kwanza tuongee kuhusu hiyo karatasi, maana najua si shule yetu peke yake. Kila nikigusa hii mada, watu wananiandikia kutoka shule za wasichana na za wavulana, za mjini na za ocha, na stori ni ile ile: karatasi, majina, ofisi, sanduku. Ni mbinu. Na ukiiangalia vizuri, haitafuti chochote. Hebu fikiria. Unawaambia wasichana mia sita waandike jina la mtu gizani, bila ushahidi, bila kuulizwa, na asiyeandika ni mshukiwa. Utapata majina ya nani? Utapata ya wasiopendwa. Katika wale kumi na mmoja, wawili walikuwa wa timu ya hoki wenye nywele fupi na sauti nzito. Mmoja alikuwa kiranja wa chakula aliyewanyima watu githeri ya kuongeza. Mmoja hadi leo sijui kosa lake ni nini, nadhani alikuwa tu na sabuni nzuri na hakuwa anaazimana. Na ndio, wengine walikuwa wanapenda wasichana. Kwani hao ndio walikuwa wamekosea nini? Walikuwa wameandika barua. Hakuna siku niliwahi kuona mtu akifukuzwa kwa kumwandikia barua mvulana wa shule jirani siku ya funkizi, na hizo barua tulikuwa tunazisoma kwa sauti bwenini kama magazeti.

Hapa ndipo mtu ananikatiza: lakini ni kinyume cha sheria Kenya. Sawa. Umeisoma hiyo sheria? Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, karo ilinishinda, lakini kusoma sikuacha. Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 162, inaadhibu kitendo cha kimwili "kinyume na maumbile", hadi miaka 14 jela. Kifungu cha 165 kinahusu wanaume pekee, miaka 5. Hizo ndizo zilizokuwa kortini ile Mei, na korti ikaziacha. Mbaya, kwa maoni yangu, lakini ndio hivyo. Sasa nionyeshe mahali panaposema ni kosa kupenda. Nionyeshe palipoandikwa kwamba mtoto wa miaka 16 mwenye barua ya mistari sita amevunja sheria. Hapapo. Sheria yenyewe, pamoja na ukali wake wote, inauliza umefanya nini. Naibu wetu aliuliza wewe ni nani. Alikuwa ameipita hata sheria anayojificha nyuma yake.

Na kuna sheria zingine ambazo hao walimu hawazitaji kwa gwaride. Katiba, kifungu cha 53: kila mtoto ana haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima, ana haki ya kulindwa dhidi ya dhuluma na adhabu za kinyama, na maslahi ya mtoto ndiyo ya kwanza. Haijaandikwa "kila mtoto isipokuwa". Kifungu cha 31 kinalinda faragha. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, kifungu cha 36, inakataza kumtesa mwanafunzi au kumdhalilisha, iwe mwilini au akilini. Kumsomea mzazi barua ya mapenzi ya mtoto wake kwa sauti, mbele ya walimu watatu, mtoto akiwa amepiga magoti, hiyo ni nini kama si kudhalilisha? Na Februari 2023 Mahakama ya Juu, majaji watatu kwa wawili, ikasema ilikuwa ubaguzi kukataa kusajili shirika kwa sababu linatetea mashoga na wasagaji. Kesi ilikuwa imezunguka kortini karibu miaka kumi. Nchi nzima ikawaka moto kana kwamba wameruhusu harusi. Uamuzi ulihusu kusajili jina la shirika, jameni.

Lakini wakubwa wetu wakaona adui yuko shuleni. Mwaka 2023 waziri wa elimu wa wakati huo, Ezekiel Machogu, akatangaza kamati ya makasisi ya kushughulikia jambo hili mashuleni. Kabla yake, mwisho wa 2021, marehemu Profesa George Magoha alikuwa amesema hadharani kwamba wanafunzi mashoga na wasagaji hawana nafasi shule za bweni, waende shule za kutwa karibu na kwao. Watu waliandamana hapa Nairobi Januari iliyofuata, wachache lakini waliandamana. Mimi Magoha nilimheshimu kwa mengi, alipambana na wizi wa mitihani wakati wengine wanacheka nao, Mungu amlaze pema. Ila kwa hili alikosea vibaya, na maneno yake bado yanatembea midomoni mwa manaibu.

Angalia ile kauli yake kwa ground. Shule ya kutwa karibu na kwao. Karibu na kwao wapi? Kwa baba ambaye amesomewa ile barua? Kuna watoto ambao bwenini ndipo mahali pekee wanakula mara tatu kwa siku. Kuna wasichana ambao muhula ndio mapumziko yao kutoka kwa mjomba. Unamtoa hapo, unamrudisha na sanduku na neno "usagaji" limeandikwa kwenye faili, halafu unasema umelinda watoto. Umelinda nani? Matokeo ya KCSE ya shule?

Halafu kuna ile hoja ambayo naiheshimu, na nitakaa nayo kidogo kwa sababu wanaotetea wanafunzi wa LGBT huwa wanaikimbia. Watu wanasema: mabwenini kuna wakubwa wanaowaingilia wadogo usiku. Ni kweli. Kuna wanafunzi wa kidato cha nne wanaowafanyia mamono mambo ambayo hayafai kuitwa mapenzi hata kidogo. Nawajua walioyapitia. Na mtu akikuambia hayapo eti ndio aonekane mtetezi, mwambie anyamaze.

Lakini hiyo ni dhuluma. Ingekuwa dhuluma mvulana akimfanyia msichana, mwalimu akimfanyia mwanafunzi, yeyote kwa yeyote. Swali ni je, aliyefanyiwa alitaka? Na sasa niambie: katika shule ya karatasi, mono aliyeguswa usiku ataenda kumwambia nani? Akifungua mdomo, neno la kwanza watakalouliza ni "na wewe ulikuwa unafanya nini kitandani kwake?" Jina lake litaingia kwenye ile ile orodha. Kwa hiyo ananyamaza. Msako unamficha mnyanyasaji, tena unamficha vizuri kuliko giza. Katika wale kumi na mmoja wetu, hakuna hata mmoja aliyekuwa amelalamikiwa na mdogo. Na yule ambaye sisi sote wa bweni la tatu tulijua usikae naye peke yako bafuni? Alibaki. Alikuwa anaongoza nyimbo ibadani. Hakuna aliyeandika jina lake kwa sababu tulimwogopa, na karatasi huwa haiandiki watu wanaoogopwa.

Nimewasema walimu vya kutosha. Sasa sisi.

Mimi nina shida na watu wa upande wangu. Nilipofika chuo nilikutana na watetezi aina mbili. Wa kwanza anaweka upinde wa mvua kwa status mwezi wa sita, na amewaficha wazazi, shangazi na watu wa kanisa wasiione hiyo status. Sawa, kila mtu ana nyumbani kwake. Ila usitembee kifua mbele kana kwamba umepigana vita. Wa pili ndiye mbaya. Anapenda kuonekana. Kulikuwa na msee mmoja hosteli yetu ambaye kila akimleta rafiki yake mahali alimtambulisha, "huyu ni shoga yangu, na mimi sina neno." Huna neno? Umeshalisema lote! Rafiki yake hakuwa amemwambia mtu. Baada ya miezi miwili mwenye nyumba alikokuwa amepanga, nje ya geti, akampa notisi ya siku tatu. Yule msee akaandika posti ndefu ya huzuni, ikapata lai nyingi. Mwenye kuhama alihama na godoro kichwani.

Kusimama na mtu kunaanza na mdomo kufungwa. Ukiambiwa siri, haijawa yako. Humwambii mpenzi wako, humwambii mwalimu wa ushauri nasaha, humwambii mama yake "kwa sababu mama ana haki ya kujua". Mama atajua siku mtoto mwenyewe ataamua, na labda hiyo siku haitafika, na hiyo si kazi yako.

Nikiulizwa nani alikuwa mtetezi kwenye hii stori yangu, nitakuambia matroni. Mama wa miaka hamsini na kitu, mtu wa kanisa kabisa, kitambaa kichwani kila siku. Aliamini ni dhambi, alitwambia hivyo wazi, na sidhani amebadilika. Siku Deski alipofukuzwa ilikuwa saa kumi na moja jioni, mvua inanyesha, na ofisi ilikuwa imemwambia aondoke kabla ya chakula cha usiku. Matroni alibeba upande mmoja wa lile sanduku hadi getini. Akampigia mtu wa bodaboda anayemjua. Akampa mia mbili. Akapanda naye hadi stejini, sanduku katikati, na akakaa hapo hadi mat ikajaa na kuondoka, kisha akamwomba namba kondakta. Kesho yake naibu alimuuliza kwa nini aliacha bweni bila mtu. Tulikuwa tunafagia nje ya ofisi, tukamsikia akijibu, "Mtoto wa watu angepotea njiani, ningemwambia nini mamake?"

Hakuwa na bendera. Hakujua hata hizo herufi za LGBT ni ngapi. Lakini aliona msichana wa miaka 16 yuko peke yake jioni na sanduku, na hiyo ilimtosha. Kwa hiyo wewe unayeniambia huwezi kumtetea mwenzako kwa sababu ya imani yako, nenda kamuulize matroni alimaliza vipi hiyo hesabu. Mimi nilikuwa rafiki yake na nilikuwa dirishani nikiangalia.

Na wale wa "umelipwa na wazungu ngapi", nitumieni hizo doo kwa M-Pesa, kweli nazihitaji, nadaiwa nyumba ya mwezi huu. Halafu mkae chini mwangalie hiyo Kanuni ya Adhabu mnayoitetea kama mila ilianza lini. 1930. Babu zenu hawakuketi chini ya mti wakaiandika. Mwingereza aliileta, na 1967 akaanza kuifuta ya kwake Uingereza, sisi tumebaki tukiipangusa vumbi kama sahani ya harusi. Nani sasa anafuata wazungu?

Kama uko shule sasa hivi, na najua mko wengi mnaonisoma likizo kwa simu ya mathe, nisikilize. Karatasi ikija, usiijaze. Najua atatembea katikati ya madeski. Najua ametisha. Karatasi moja tupu ni mshukiwa, hiyo ni kweli, hajadanganya. Lakini karatasi arobaini tupu ni darasa, na hakuna naibu anayeweza kufukuza darasa zima kwa mwenendo usiofaa. Kwa hiyo ongeeni mapema, kabla ya siku hiyo, bwenini, polepole, na si lazima umtaje mtu. Sema tu: mimi jina la mtu siandiki. Utashangaa wangapi walikuwa wanangoja mmoja aseme.

Na akishatajwa, usimhame. Hiyo ndiyo inaua zaidi ya suspensheni. Waliobaki kati ya wale kumi na mmoja walikula peke yao muhula mzima, benchi nzima tupu, watu mia sita wamebanana kwingine. Nilipita hapo na sahani yangu kila siku. Kutembea hatua nne na kukaa, hilo tu. Hakuna hotuba. Unakaa, unaomba chumvi. Ukiona mtu anapigwa, nenda useme "anapigwa", usieleze kwa nini, kupigwa kunatosha kuwa sababu. Ukisikia walimu wanapanga kumsomea mzazi barua, mwambie mwenzako akutume kwa dada yake mkubwa au shangazi anayemwamini, aje huyo badala ya baba. Na mtu akikuuliza "kwani na wewe ni mmoja wao?", huna lazima ya kujibu. Wengi wetu tulisaliti wenzetu kwa sababu ya haraka ya kujibu hilo swali.

Sijasema ni rahisi. Mimi nilikuwa na miaka 16 na nilishindwa na kipande cha karatasi.

Deski nilimpata mwaka jana. Ameniruhusu niandike haya kwa sharti moja, nisitaje mji. Alifanya KCSE kama mtahiniwa wa kibinafsi, sasa ni kinyozi, ana viti viwili na kioo kirefu. Nilienda nikakaa kwenye kiti kama mteja, nikasubiri anifunge shuka shingoni ndio nisikimbie, nikamwambia ni mimi niliyeandika.

Akaendelea kupiga mashine. Akasema, "Najua. Walinionyesha zote ofisini. Hiyo y yako yenye mkia mrefu, nani mwingine aliandika hivyo? Ulikuwa unanakili notisi zangu za Jiografia." Nikaanza kulia, akaniambia nitulie nisikatwe sikio.

Alipomaliza alinipangusa shingo kwa spiriti, akashika kioo kidogo nyuma nione. Bei ni mia tatu hamsini. Nikatoa elfu nikamwambia abaki nayo. Alinirudishia mia sita hamsini, akahesabu mara mbili, akaita mteja mwingine.